Nenda Ukaone: Siku Mbili za Brashi na Kamera Bagamoyo

Mama yangu mzazi hana picha ukutani, wala hajapata kuwa nayo. Chumbani mwake kuna kalenda ya Hijria na kitambaa cheusi kilichotariziwa Ayatul Kursiy kwa uzi wa dhahabu, basi. Kwa hiyo binti yangu wa miaka 14 alipotamka, mwanzoni mwa likizo ya Desemba, kwamba anataka kusomea uchoraji, nilijua upinzani utatoka upande gani. Bibi yake aliweka kikombe chini, akasema malaika hawaingii nyumba yenye masanamu, na kwamba mtoto mwenye mkono mwepesi kiasi kile angejifunza kushona.

Hayo si maneno ya kupuuzwa. Hadithi zinazowakemea watengeneza sura ni sahihi na mashuhuri, na nyumba nyingi za Waislamu wa pwani zimeyaheshimu makatazo hayo kizazi baada ya kizazi. Ustadi wa mafundi wetu ulimwagika kwenye milango, kwenye plasta na kwenye hati. Lakini katika Sahihi Bukhari imo pia habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kwamba riziki yake hutokana na kazi ya mikono yake, nayo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.). Mtu yule aliingiwa na hofu hata uso wake ukabadilika rangi, ndipo akaelekezwa kwamba kama hana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Kuhusu kamera, wanazuoni wamekhitilafiana tangu ilipoingia katika nchi za Kiislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuijuzisha kwa hoja kwamba kamera hukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa, nayo yenyewe haiumbi chochote. Wengine, akiwamo Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, walishikilia katazo isipokuwa kwa dharura. Mwandishi wa makala hii si mufti, na msomaji ana masheikh wake wa kuwauliza. Mimi nilimsimulia mama habari ya Ibn Abbas, naye akanyamaza kwa muda.

"Miti?" akauliza.

"Miti, mawe, bahari na majumba, mama."

"Basi mpeleke Bagamoyo, mwanangu. Miti na mawe viko tele."

Alisema kwa mzaha, lakini sauti ilimpungua mwishoni. Mama alizaliwa Bagamoyo, akaolewa Dar es Salaam akiwa bado msichana. Nyumba ya kwao, nyuma ya Mtaa wa India, haikupata kupigwa picha hata mara moja. Wajomba zangu walipofariki ilibaki bila mtu, na tangu siku hizo mama hakutaka kwenda kuiona. Binti yangu alitia katika mkoba karatasi nene, penseli tatu, kisanduku cha rangi za maji na chupa ya maji. Mimi nilichukua kamera yangu ya zamani.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilometa zinazokaribia 70, na wasafiri wengi huzimaliza wamesinzia. Ni hasara. Kabla ya Tegeta kuna njia ya kulia inayoteremka Kunduchi, ambako chini ya mibuyu yamo magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Katika nguzo hizo mafundi wa zamani walipachika bakuli za kauri kutoka China, na nyingi kati ya bakuli hizo zimeng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo. Mbele kidogo, upande wa kushoto, kilima cha Wazo kinaonekana kimemegwa na kiwanda cha saruji. Jiwe linalochimbwa pale lilikuwa matumbawe ya bahari ya kale. Wazee wetu walichonga matumbawe kwa shoka wakajenga msikiti wa watu mia, na sisi tunayasaga kwa mitambo tupate kujenga ghorofa. Binti yangu aliitazama ile ngazi nyeupe ya mawe kilimani, akasema ingefaa kuchorwa. Nilidhani anatania, lakini alikuwa na haki. Mandhari ya pwani yetu ya leo ni pamoja na vumbi lile.

Baada ya Bunju majumba hupungua. Mapinga, Kerege, Zinga: minazi, mikorosho, vibao vya viwanja vinavyouzwa, kisha minazi tena. Atakayepita hapa baada ya miaka kumi ataihitaji picha ya leo ili aamini kwamba palikuwa na mikorosho.

Tulianzia Kaole, kilometa chache kusini mwa mji. Wenyeji husimulia kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kizaramo ya kumwambia mtu aende akaone, na kwetu sisi wawili lilikuwa jina la kufaa. Magofu yenyewe ni ya misikiti miwili pamoja na makaburi yapatayo thelathini. Msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, yaani mmoja wa misikiti mikongwe kabisa inayojulikana katika bara letu la Afrika Mashariki. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua eneo hili mwishoni mwa miaka ya 1950. Vipande vya kauri na shanga vilivyopatikana vimewekwa katika jumba dogo la makumbusho palepale. Kaole ilikuwa bandari. Mikoko na matope vikaiziba polepole, biashara ikahamia Bagamoyo, na leo ukisimama msikitini huioni bahari mpaka uipenye mikoko hiyo.

Tulivua viatu kabla ya kuingia. Hakuna aliyetuamuru, lakini mahali palipopata kusujudiwa kwa karne nyingi hapakanyagwi kama uwanja wa mpira.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu vyangu vya upigaji picha havikunifundisha. Kutoka Bagamoyo, Makka iko karibu sawasawa upande wa kaskazini, kwa hiyo mihrabu ya Kaole imechimbwa katika ukuta wa kaskazini na uso wake wa ndani unatazama kusini. Msikiti hauna paa tena. Katika miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini wa anga letu, na kibla hukaa kivulini kutwa nzima. Picha zake hutoka nyeusi na baridi. Desemba jua hupita kusini. Asubuhi nuru huingia kwa mshazari kutoka kusini-mashariki, ikapapasa ukuta na kufichua kila tundu la tumbawe na kila alama ya chombo cha fundi. Niliwahi kwenda Kaole mara mbili wakati wa kusi nikarudi nimevunjika moyo, nikiilaumu kamera. Kumbe kosa lilikuwa la mwezi.

Binti yangu hakuwa na haja ya maelezo hayo. Aliketi kwenye mkeka, akachora kwa penseli upinde wa mihrabu, kisha akachanganya nyeusi na nyeupe apate rangi ya jiwe. Alipopaka, ukuta ukawa wa saruji. Akafuta kwa kitambaa chenye maji, akakasirika. Nilimwambia asiitazame karatasi, autazame ukuta hadi aache kuuita wa kijivu. Ilimchukua karibu nusu saa. Akaanza kuona njano iliyopauka palipobaki chokaa, wekundu mdogo kama wa udongo, kijani cha kuvu karibu na ardhi, na kivuli ndani ya mihrabu ambacho kilikuwa cha samawati kabisa. Mara ya pili hakugusa rangi nyeusi.

Makaburi tuliyatolea salamu kama tulivyofundishwa, tukayazunguka bila kuyapanda. Nasema hivi kwa sababu siku ile vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya kaburi wakijipiga picha kwa simu, miguu inaning'inia. Moja ya makaburi, linaloitwa la Sharifa, bado huendewa na watu wenye shida zao. Kumwombea maiti ni sunna. Kumwomba maiti ni jambo jingine, na wasomaji wa gazeti hili wanaijua tofauti. Nguzo ndefu ya kaburi moja ilimvutia binti yangu kuliko vyote. Aliichora ikiwa imesimama peke yake kati ya minazi, na kwa bahati, au kwa macho mazuri ya utoto, aliifanya nyembamba kuliko ilivyo, hata ikafanana na mnara.

Si sisi wa kwanza kuhangaika na kamera na brashi katika pwani hii. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Zanzibar wakijiandaa kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Walikuja na vifaa vya kupigia picha, na Grant alipiga kadhaa pale Unguja, likiwamo soko la watumwa. Kamera ya siku zile ilihitaji hema la giza la kuandalia bamba za kioo na dawa, na ndani ya hema hilo joto lilikuwa la kuua. Speke ameandika kwamba alimwondoa mwenzake katika kazi hiyo akamwachia kuchora. Basi katika safari ile ya bara Grant alibaki na rangi za maji. Michoro yake ya safari ile imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Nilipomsimulia binti yangu kwamba joto la pwani liliishinda kamera na rangi ya maji ikashinda, alinitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Baadaye kamera zikawa nyepesi, wakaja Wajerumani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya koloni lao hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Walther Dobbertin alizunguka na kamera yake katika koloni zima kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wakati wa vita vyenyewe. Picha zake nyingi ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kuna mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Zanzibar familia ya Oza ilifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi vya Waunguja vimesimama mbele ya kamera yake. Fikiri, msomaji: mtu anayetaka kuona mtaa wa babu yake ulivyokuwa huenda akalazimika kuandika barua Ujerumani au Marekani. Nyumbani kwetu sisi hatuna hata picha ya mlango.

Tulilala kwa jamaa. Alfajiri, baada ya swala, tulikwenda ufukweni karibu na soko la samaki. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, jua huchomoza baharini upande iliko Unguja, na kwa dakika chache majahazi huwa weusi mtupu juu ya maji ya fedha. Ni picha ambayo kila mgeni huondoka nayo, na kwa kweli ni nzuri. Anayefuata kalenda ya mwezi ana faida nyingine. Siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndizo za bamvua, na hapo maji hupwa sana kufikia saa nne au saa tano asubuhi, ngalawa zikabaki zimelala ubavu mchangani na kina mama wakatembea mbali kuokota chaza. Kwenye maji mafu bahari haiendi popote, na picha nayo haina pa kwenda.

Nilipoinua kamera, mvuvi mmoja aliyekuwa akikunja nyavu alinyoosha kiganja. Nikaishusha, nikamsalimu, nikaomba radhi.

"Si kwamba nakataa, ndugu yangu," akasema. "Miaka yote wanatupiga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea niione."

Sikuwa na jibu. Nilipiga picha ya ngalawa yake bila mtu ndani, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, nikamuuliza nimpelekee wapi. Akacheka, akanitajia kijana wake mwenye simu. Jumatatu iliyofuata nilituma.

Mjini tulipita palepale panapopitwa na wote. Boma la Wajerumani la mwaka 1897, ambalo sehemu yake ya mbele iliporomoka kwa mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1990. Ngome Kongwe, iliyoanza miaka ya 1860 kama makazi ya Mwarabu mfanyabiashara. Mnara wa misheni ya Wakatoliki waliofika mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone uliwekwa mwaka 1874 ukisubiri kuvushwa Zanzibar. Vijana wa sanaa wametundika michoro yao ya kuuza kando ya njia: Wamasai wekundu, mibuyu, machweo, twiga wa mtindo wa Tingatinga. Mji una taasisi ya sanaa inayojulikana nchi nzima, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na mikono ya vijana wale ni ya ufundi wa kweli. Lakini nilihesabu michoro zaidi ya arobaini na sikuona msikiti hata mmoja. Nilimuuliza kijana mmoja sababu. Akasema wageni hununua minyororo na machweo.

Minyororo ni kweli. Hakuna wa kuikana. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji iliishia katika mji huu na pembe za ndovu mabegani mwa watu, na wengine kati ya hao walivushwa Unguja wakauzwa. Hata hivyo katika mji huohuo aliletwa mtoto wa Kimanyema kutoka Kongo, mtumwa katika nyumba ya liwali. Akasoma, akafanya biashara, akawa mwanachuoni na kiongozi wa Qadiriyya ambaye watu wa bara na pwani walimfuata kutaka elimu. Jina lake Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliendeleza darsa na maulidi yanayokusanya maelfu. Msomaji anaweza kuwa na rai yake kuhusu tariqa. Hoja yangu ni ya mchoraji: ukichora mnyororo peke yake umechora mwanzo wa habari, na habari yenyewe iliendelea hadi mtumwa akawa mwalimu wa mji. Hilo halihitaji sura ya mtu. Madrasa ipo, mlango upo, viatu vya watoto vilivyopangwa nje vipo. Binti yangu alivichora viatu hivyo, jozi kumi na saba, na katika kazi zake zote za siku mbili hiyo ndiyo niipendayo mimi.

Nyumba ya mama tuliiacha mwisho.

Nilikuwa nimejiandaa kwa magofu, sikujiandaa kwa udogo. Paa limeanguka ndani, boriti za mikoko zimechomoza kwenye kifusi, na mpapai umeota ukumbini. Mbele limebaki baraza, na juu yake miimo miwili ya mlango na kizingiti kilichochongwa, nakshi zake zimeliwa na mvua. Mbao za mlango wenyewe hazipo. Jirani alisema ziliondoka siku nyingi, hajui zilikokwenda, na niliona si vema kumhoji zaidi. Milango ya Bagamoyo ina miguu.

Nilipiga picha nane, zote za ovyo; saa saba ya mchana jua liko utosini na kila kitu huwa bapa. Binti yangu aliketi upande wa pili wa njia, chini ya kivuli cha ukuta, akachora hadi saa tisa. Watoto wa mtaa walisimama nyuma yake wakimhesabia matofali ya matumbawe. Hakuongeza kitu ambacho hakipo. Mpapai aliuweka, kifusi alikiweka, na mahali pa mlango aliacha karatasi nyeupe.

Usiku ule, Dar es Salaam, aliitandaza karatasi mezani bila kusema neno. Nilitazamia mama aiangalie kwa heshima kisha aombe miwani yake irudishwe kwenye kasha. Aliitazama muda mrefu. Akaweka kidole kwenye ukuta wa kulia.

"Hapa palikuwa na mkungu," akasema. "Mkubwa, unafunika uani. Na kisima hukukiweka."

"Sikukiona, Bibi."

"Ungekionaje? Kiko nyuma, kimefukiwa." Akavuta kiti. "Lete penseli nikuonyeshe."

Mpaka adhana ya Isha ilipoadhiniwa, mkungu ulikuwa umerudi uani na kisima kimepata ukuta wake. Ulibaki mlango. Mama alisema tuuache kwanza, hadi aikumbuke vizuri nakshi ya kizingiti.